UZI: Comtessa de Dia na wimbo wake "A chantar m'er": vina, mizani, noti na namna ya kuuleta kwa Kiswahili

MkatoNaVina (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kila anapotajwa mshairi huyu wa karne ya 12, mazungumzo huishia kwenye "mke wa fulani aliyempenda fulani". Naomba huku tuanze na kazi yenyewe, mambo ya ndoa yasubiri.

Kwa ufupi: Comtessa de Dia ni mmoja wa trobairitz, yaani wanawake waliotunga nyimbo kwa Kioksitani, lugha ya kusini mwa Ufaransa ya leo. Majina yao yaliyobaki ni kama 20. Idadi ya tungo inategemea mhariri, kuanzia 23 hadi 46, kwa sababu kuna majibizano ambayo mwanamke anayezungumza ndani yake anaweza kuwa mtunzi halisi au mhusika tu. Wa Dia ana nyimbo nne ambazo hazina ubishi mkubwa:

"Ab joi et ab joven m'apais", wimbo wa furaha.
"A chantar m'er de so qu'eu no volria", wimbo wa malalamiko.
"Estat ai en greu cossirier", wa majuto na tamaa, bila kuficha neno.
"Fin joi me don'alegranssa", unaowashambulia wasengenyaji. Humo anawafananisha na ukungu unaotanda hadi jua likapoteza mwale wake.

Uzi huu ni wa huo wa pili. Ubeti wa kwanza ni huu:

*A chantar m'er de so qu'eu no volria,*
*tant me rancur de lui cui sui amia;*
*car eu l'am mais que nuilla ren que sia:*
*vas lui no·m val merces ni cortezia*
*ni ma beltatz ni mos pretz ni mos sens;*
*c'atressi·m sui enganad' e trahia*
*com degr' esser, s'eu fos dezavinens.*

Maana yake kwa nathari: Sina budi kuimba nisiyoyataka, kwa jinsi ninavyomlalamikia yule ambaye mimi ni mpenzi wake. Nampenda kuliko kitu chochote kilichopo, lakini kwake havinifai huruma wala adabu njema, wala uzuri wangu, wala hadhi yangu, wala akili yangu. Nimedanganywa na kusalitiwa kama ambavyo ningestahili lau ningekuwa sina mvuto.

Sasa umbo. Beti ni tano, kila ubeti mishororo saba, kisha umalizio wa mishororo miwili unaoitwa tornada. Vina ni a-a-a-a-b-a-b. Angalieni hapa: kina cha *a* hubadilika kila ubeti (-ia, -ensa, -uoilla, -ina, -atges), lakini kina cha *b* ni -ens kuanzia ubeti wa kwanza hadi neno la mwisho la tornada. Aliyesoma utenzi atashtuka, maana hiyo ni bahari kabisa: vina vya ndani vinabadilika ubeti kwa ubeti, kile cha mwisho kinashika utungo mzima. Sisemi mmoja alimwiga mwingine. Nasema msomaji wa Kiswahili ana sikio la kuusikia utungo huu kuliko msomaji wa Kiingereza, ambaye mara nyingi huletewa tafsiri isiyo na vina.

---

Kinubi

Mleta uzi umefungua vizuri. Niongeze namna ya kuhesabu mizani, maana hapo ndipo wengi hukwama.

Kioksitani huhesabu silabi hadi ile yenye mkazo wa mwisho. Inayobaki baada yake haihesabiwi. Kwa hiyo mshororo wa kwanza:

A-chan-tar-m'er (4) | de-so-qu'eu-no-vol-RI (6) -a

Unaitwa wa silabi 10, ingawa kinywani ni 11. Wa tano, *ni ma beltatz | ni mos pretz ni mos sens*, ni 10 kamili kwa sababu *sens* ina mkazo na hakuna kinachofuata. Yaani kina cha *a* ni laini, kina mkia. Kina cha *b* ni kikavu. Ukisoma kwa sauti utasikia mishororo minne inateleza, ya tano inagonga, ya sita inateleza, ya saba inagonga.

Ukwapi (kipande cha kwanza cha mshororo) ni 4, utao (kipande cha pili) ni 6, kila mshororo. Makosa ya kawaida ni mawili. Moja, kutamka irabu iliyomezwa: katika *enganad' e* ya mshororo wa sita, d'e ni silabi moja, yaani en-ga-na-d'e-tra-hi, sita. Ukisema "enganada e" umeongeza silabi na mshororo umevunjika. Pili, kulazimisha mkazo kwenye silabi ya nne ya mshororo wa saba: *com degr' esser*. Neno *esser* mkazo wake uko mwanzoni, kwa hiyo silabi ya nne hapo haina mkazo. Si kosa la mtunzi, ni ruhusa iliyokuwapo. Iache ilegee.

Matamshi kwa haraka: *ch* ni kama chai. *tg* katika *messatges* ni karibu na j ya jambo. *nh* ni ny. *ill* katika *nuilla* ni l iliyolainishwa, ly. *tz* mwishoni ni ts, usiimeze. *r* itetemeshwe.

---

Mpita_Njia77

Wakuu samahani, mimi nauliza hilo hilo mlilolikwepa. Imeandikwa kila mahali kwamba jina lake ni Beatriz, mume Guillem de Peitieu, mpenzi Raimbaut d'Aurenga. Kweli au porojo?

---

MkatoNaVina

Mkuu, hatujalikwepa, tumelipanga foleni tu.

Chanzo ni wasifu mfupi wa mistari michache, unaoitwa vida, uliowekwa mbele ya nyimbo zake katika baadhi ya miswada. Unasema hivi tu: alikuwa mke wa En (yaani Bwana) Guillem de Peitieu, mwanamke mzuri na mwema, akampenda En Raimbaut d'Aurenga, akatunga juu yake nyimbo nyingi nzuri. Basi.

Shida yake: vida ziliandikwa karne ya 13, vizazi kadhaa baada ya watunzi, na waandishi wake walizoea kuchota "maisha" kutoka ndani ya nyimbo zenyewe. Raimbaut d'Aurenga mshairi alifariki mwaka 1173. Guillem wa Poitiers (ndiyo Peitieu) aliyekuwa jirani na Die (ndiyo Dia ya jina lake) alikuwa mtawala wa Valentinois, si wa Die. Kuvioanisha vyeo hivyo na ndoa hiyo kumewasumbua watafiti muda mrefu, na kila anayejaribu hulazimika kuhamisha Guillem au Raimbaut kwenda kwa ndugu wa jina hilo hilo wa kizazi kingine. Na "Beatriz" ni kisio la watu wa baadaye. Miswada inasema *la comtessa de Dia*, ikaishia hapo.

Kwa hiyo ukiandika, andika "Comtessa de Dia". Mpenzi na mume waweke kwenye sentensi inayoanza na "vida inadai".

---

Mlango_wa_Kusini

Nyongeza ya jiografia, maana kuna mtu atasema "mshairi wa Kifaransa". Die ni mji mdogo kando ya mto Drôme, chini ya milima ya Vercors. Katika karne ya 12 eneo hilo halikuwa chini ya mfalme wa Ufaransa. Lilihesabiwa upande wa Dola Takatifu ya Roma, ingawa watawala wa hapo walijiamulia mambo yao. Kifaransa cha kaskazini kilikuwa lugha nyingine.

Tena wanawake wa tabaka hilo kusini waliweza kurithi na kushika ardhi. Ermengarda alitawala Narbonne kwa miongo mingi ya karne hiyo hiyo, na washairi walimtaja kwenye nyimbo. Ndiyo maana Comtessa anaposema katika ubeti wa tano *valer mi deu mos pretz e mos paratges*, yaani hadhi yangu na nasaba yangu zinapaswa kunifaa, hiyo si kauli ya mnyonge anayebembeleza. Anadai.

---

Bi_Khadija_wa_Tungo

Hapo kaka umegusa penyewe. Huu wimbo watu huusoma kama kilio, nami naona ni mashtaka yaliyopangwa. Tazameni nani anaambiwa, ubeti kwa ubeti.

Ubeti wa 1 anamzungumzia mtu yule kwa mbali, "yeye". Ubeti wa 2 anamgeukia ghafla: *amics, vas vos*, wewe. Anasema hajawahi kumkosea kwa lolote, na kwamba anampenda kuliko Seguin alivyompenda Valensa. Hao ni wapenzi wa hadithi ambayo haikubaki, lakini wasikilizaji wa wakati huo waliwajua. Ubeti wa 3 anasema si haki mapenzi mengine yakunyang'anye kwangu, na kumbuka mwanzo wa mapenzi yetu ulivyokuwa, na Mungu asitake kutengana kuwe kwa kosa langu. Ubeti wa 4 anakubali kwamba hakuna mwanamke, wa mbali au jirani, asiyevutwa naye, kisha *membre vos de nostres covinens*: kumbuka makubaliano yetu. Ubeti wa 5 anaupa wimbo wenyewe kazi ya mjumbe. Tornada anamgeukia mjumbe huyo na kumpa neno la kufikisha.

Sasa yashikeni maneno yanayoangukia kwenye kina cha -ens: mwanzo, kutengana, makubaliano, mwenye kutambua. Ni msamiati wa mkataba na wa kosa. Anayebadilisha kina hicho kila ubeti kwenye tafsiri anakata uzi unaoshona mashtaka.

Na "kumbuka" imekuja mara mbili, beti ya 3 na ya 4. Wafasiri wengine huibadilisha ya pili ili wasirudie. Waiache.

---

Mpita_Njia77

Sawa dada, nimekuelewa. Lakini mke wa mtu kuimba hadharani hivi, mume yupo wapi? Na ule wa "Estat ai" nimeambiwa ni mkali zaidi.

---

Bi_Khadija_wa_Tungo

Ni mkali kweli. Anasema angependa jioni moja amshike mpanda farasi wake mikononi, uchi, na awe mto wake wa kulalia. Mwisho anasema ana hamu kubwa ya kuwa naye *en luoc del marit*, mahali pa mume. Kisha sharti: awe ameapa kwanza kufanya yote atakayo yeye mwanamke. Neno alilolitumia kwa kuapa ni lile la ahadi za kiapo, sawa na mtu aliye chini ya bwana wake.

Kuhusu mume: nyimbo hizi zilifuata desturi ambayo mpenzi wa wimbo na mwenzi wa ndoa hawakuwa mtu mmoja. Wanaume walitunga mamia ya nyimbo kwa wake za watu na hakuna anayeuliza. Kusoma "Estat ai" kama ungamo la mahakamani ni kumnyima ufundi anaopewa mwanamume bila kuombwa.

Umbo lake, kwa wanaopenda: beti tatu za mishororo minane, a-b-b-a-c-d-d-c, mishororo mifupi ya silabi 8 na ile ya *c* ya 7 yenye mkia. Nao ule wa furaha, "Ab joi", una mchezo mwingine: kila kina kina ndugu yake. *M'apais* hujibiwa na *m'apaia*, *gais* na *gaia*, *verais* na *veraia*. Shina moja, umbo la kiume na la kike, au kitenzi katika hali mbili. Mwanamume na mwanamke wanakabiliana ndani ya vina. Sijaona tafsiri iliyoweza hilo kwa lugha yoyote.

---

FundiNoti

Nimesubiri mfike kwenye muziki, naona mnachelewa, naingia.

Katika nyimbo za Kioksitani zilizobaki, kama 2,500, zenye noti ni kama 250, nazo karibu zote ziko katika miswada minne. Za wanawake yenye noti ni MOJA, ndiyo hii. Iko katika mswada uliopo Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, namba français 844, ambao watafiti wa Kioksitani huuita W.

Umbo la sauti: A B A B C D B. Yaani mshororo wa 1 na wa 3 sauti moja, wa 2 na wa 4 sauti nyingine, wa 5 na wa 6 kila mmoja na yake, wa 7 unarudia B. Imejengwa juu ya re. A inaacha sauti ikining'inia, B inaitua. Ni rahisi kufundisha: fundisha A na B kwanza, hapo mtu tayari ana mishororo mitano kati ya saba.

Tornada ina mishororo miwili yenye vina vya a na b, sawa na miwili ya mwisho ya ubeti. Kwa hiyo huimbwa kwa D na B. Msianze na A, mtakosa mahali pa kutua.

Mwendo: noti za mraba zinaonyesha kupanda na kushuka tu, hazionyeshi urefu. Mwanzoni mwa karne ya 20 watafiti wa muziki Aubry na Beck waligombana vikali juu ya nani aliyegundua kwamba nyimbo hizi ziingizwe kwenye vipimo vya tatu-tatu. Leo waimbaji wengi hawafuati hilo. Ushauri wangu: soma mshororo kama maneno, 4 kisha 6, silabi zikiwa na uzito unaokaribiana, na pale silabi moja inapobeba noti mbili au tatu usizikimbize. Ukiweka ngoma ya kucheza chini yake, -ens inapotea, na ndiyo nguzo.

Tatizo ambalo rekodi nyingi hulipita kimya kimya: maneno ya W siyo haya aliyoweka mleta uzi. Mnakili alikuwa wa kaskazini, ameyafaransisha. Mshororo wa pili kwake ni *tant mi rancun cele a qui sui amigs*, yaani namlalamikia "yule mwanamke" ambaye mimi ni "mpenzi wa kiume". Kina cha -ie alichokiweka mwenyewe mshororo wa kwanza kimevunjika papo hapo. Halafu mshororo wa sita amesahau na kuandika *enganade*, ambayo ni ya kike. Ubeti mmoja, jinsia mbili!

Na la kiufundi: mshororo wa mwisho wa W huishia *desavinence*, wenye mkia, silabi 11 kinywani, sawa na mishororo ya 2 na ya 4 inayoimbwa kwa B. Ukichukua sauti ya W na maneno mazuri ya miswada mingine, *dezavinens* ni silabi 10. Noti zinazidi silabi. Suluhisho: unganisha noti za mwisho juu ya *-nens*, na utue re. Usiongeze "e" ya uongo mwishoni, maana unaua kina kikavu katika kila ubeti.

---

Kinubi

FundiNoti umefunga hesabu. Basi nijaribu kuuleta kwa Kiswahili, mnipige.

Kikwazo cha kwanza: Kiswahili mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo vina vyetu vyote vina mkia. Tofauti ya laini na kikavu haiwezekani. Lakini mkazo huo huo una faida: nikiweka ukwapi wa mizani 5 na utao wa 6, mkazo unaangukia silabi ya 4 na ya 10, pale pale pa asili. Jumla 11 kila mshororo.

*Nitayaimba nisiyoridhia,*
*nanung'unika kwa wangu wa nia;*
*nimempenda kushinda dunia,*
*upole wangu hakufikiria,*
*wala urembo, akili, thamani;*
*kanidanganya, kanigeukia,*
*kama niliye mbaya wa machoni.*

---

Bi_Khadija_wa_Tungo

Mizani imekaa, vina vimekaa. Mshororo wa kwanza na wa sita sina neno. Lakini wa nne umepungua. Asili ina vitu viwili, *merces* na *cortezia*, huruma anayoomba na adabu anayotoa. Wewe umebaki na upole tu. Tena asili inasema "havinifai kitu", ni hesabu ya vitu vilivyoshindwa vikijipanga hadi mshororo wa tano. Ukisema "hakufikiria" umehamisha mzigo kwa mwanamume.

La pili, kina cha -ni. Kitakubidi ukishike beti zote tano, viwili kila ubeti, na kimoja cha tornada: maneno 11. Kwa -ni ni rahisi mno, maana kila jina la mahali linaingia: nyumbani, moyoni, njiani. Kufikia ubeti wa tatu msikilizaji ameshachoka. Bora ungechukua -ani kamili, ambayo unayo tayari kwenye thamani, ukatafuta imani, amani, shani, hisani. Hapo "machoni" inaondoka.

---

Kinubi

Pigo halali, Bi Khadija. Marekebisho ya mishororo ya 4, 5 na 7:

*huruma, haya, hazijanifaa*... kina kimevunjika, naacha. Jaribio jingine:

*havinifai kwake hata ndia,*
*huruma, sura, akili, thamani;*

na wa saba: *kana kwamba mi sina hata shani.*

---

MkatoNaVina

"Hata ndia" ni kujaza mizani, mkuu, haibebi kitu. Shani napitisha, "sina shani" ni karibu sana na *dezavinens*, mtu asiye na mvuto. Na "kana kwamba mi" ni mizani 5, ila mkazo unaangukia *mi*, silabi ya tano. Asili nayo ililegeza hapo hapo, basi tuseme umefuata.

Wa nne ubaki wazi. Mwenye nao auweke, masharti: 5 na 6, kina -ia, na huruma na adabu ziwemo zote mbili.

---

Mpita_Njia77

Nami naomba kimoja cha mwisho. Yale majibizano yake na Raimbaut, "Amics, en gran cossirier", ni yake au siyo?

---

Mlango_wa_Kusini

Miswada inaupa Raimbaut peke yake. Wanaoutia jina la Comtessa wanategemea mambo mawili: vida ilivyowaunganisha, na kwamba maneno ya mwanzo yanafanana na "Estat ai en greu cossirier". La pili halina uzito mkubwa, maana mawazo mazito yalikuwa mali ya kila mshairi wa wakati ule. Anayehusishwa na Raimbaut kwa ushahidi wa wimbo wenyewe ni mwingine, Azalais de Porcairagues, ambaye wimbo wake pekee uliobaki unagusa msiba wa Orange (Aurenga), mji wa Raimbaut. Naye anastahili uzi wake.

---

FundiNoti

Kwa wanaotaka kuona noti kwa macho: ingia Gallica, tovuti ya picha za maktaba hiyo ya Paris, tafuta *français 844*, fungua karatasi (folio) ya 204. Mistari ya kuandikia noti ni minne, si mitano, kwa hiyo tafuteni kwanza alama ya ufunguo mwanzoni mwa mstari kabla ya kusoma noti yoyote, na muiangalie upya kila mstari unapoanza, maana ufunguo unaweza kuhama.